Kitenge Usoni mwa Baba Mkwe

Miaka ile ya tisini nilikuwa na walimu watatu wa sindano moja, na kila mmoja aliniambia kwamba wale wawili wengine wamekosea. Kazi yangu ilikuwa kutoa usingizi na ganzi katika chumba cha upasuaji pale Ifakara. Usingizi haukunisumbua. Unapima presha, unachoma, mtu analala, unakaa kichwani pake unahesabu pumzi. Ganzi ndiyo iliyonivuruga akili. Sisemi ganzi ya kung'oa jino wala ile ya mgongoni. Nasema ganzi ya mkono mzima, ambayo sindano inaingia kwapani kutafuta mishipa ya fahamu usiyoweza kuiona wala kuipapasa. Iko mle ndani, imeuzunguka mshipa mkubwa wa damu, na wewe una ncha ya sindano na maneno ya walimu.

Mwalimu wa kwanza alikuwa mkuu wetu wa kazi, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu. Yeye aliamini mdomo wa mgonjwa. Sindano ikigusa mshipa wa fahamu, alisema, mgonjwa atasikia shoti inashuka mpaka vidoleni, ataruka na kukuambia, na hapo ndipo unapotia dawa. Asiporuka, usitie. Mwalimu wa pili alinifundisha chuoni, na yeye aliamini damu. Weka vidole juu ya mapigo, choma mpaka uone damu nyekundu ndani ya bomba, songa mbele kidogo mpaka damu ikatike, kisha mimina. Kumwuliza mgonjwa, alisema, ni kumwuliza njia mtu ambaye hajawahi kufika unakokwenda.

Wa tatu alikuwa daktari mgeni aliyekaa nasi miezi michache. Huyu alikuja na kimashine cha kuingia mfukoni. Waya mmoja unashikizwa kwenye sindano, mwingine unabandikwa kwenye ngozi ya mgonjwa, na sindano ikikaribia mshipa wa fahamu vidole vinacheza vyenyewe, mgonjwa akiwa anatazama dari. Tuliona muujiza. Alituambia kwamba kutafuta shoti ni kuuchokoa mshipa, na ipo siku tutaharibu mkono wa mtu. Mkuu wetu alisikiliza kwa adabu, na mgeni alipotoka akasema amechoma mikono tangu huyo kijana hajaota meno.

Kimashine kile kilikula betri ndogo ya mraba. Mgeni aliporudi kwao alituachia zawadi ile, na baada ya wiki sita betri ikafa. Nilizunguka maduka yote ya sokoni. Betri za tochi zilikuwepo, za redio zilikuwepo, ya mraba hakuna. Nikamwagiza mtu wa reli aninunulie Dar es Salaam, akaniletea betri ya saa. Nilikasirika nikamwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Basi kimashine kikalala kabatini, nikabaki na mdomo na damu, nisijue nishike lipi.

Kusema kweli, mdomo wa mgonjwa ulinichanganya kuliko damu. Unamweleza vipi shoti mkulima ambaye nyumbani kwake hakuna waya wa umeme? Nilikuwa nasema ni kama ukigonga kiwiko kwenye ubao. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyechomwa pembe na dume lake, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha hakutamka neno hata moja muda wote sindano ikiwa ndani; kwao mwanaume halalamikii sindano. Mama mmoja wa Masagati alisema anasikia. Nikamwuliza anasikia wapi. Akasema moyoni.

Sasa nimseme baba mkwe.

Nilikuwa nimeolewa Lupiro, ng'ambo ya mto, na mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nilikulia Mlimba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako majirani walitoka kila kona ya nchi na baba yangu alikula nasi sinia moja. Lupiro nilifundishwa upya. Katika ukoo ule mke wa mtoto hapiti mbele ya baba mkwe, hakalii kiti alichokalia yeye, na anamwamkia kwa kupiga magoti huku macho yakiwa chini. Naye baba mkwe haingii chumba ulichomo wala hakuiti kwa jina. Mwanzoni nilinung'unika chinichini, mimi mtu mwenye cheti. Lakini nilitii. Miaka minne ya ndoa ilipita sijawahi kuutazama uso wa yule mzee kwa muda wa kutosha kusoma kibao cha duka.

Naye alinipenda, kwa namna yake ya kutosema. Alikuwa fundi baiskeli kando ya barabara. Nikienda kuwatembelea kwa baiskeli kutoka Ifakara, nilikuwa nikiamka asubuhi nakuta tairi zimejazwa upepo na cheni imepakwa mafuta, na hakuna anayesema nani kafanya. Watu walivuka mto na magurudumu yao yaliyopinda ili yeye ayanyooshe. Hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Alizungusha gurudumu, akaacha kidole gumba cha kulia kiguse ukingo wa ringi, na kwa gumba hilo akajua ni spoku gani imelegea na ni ipi imekaza kupita kiasi. Mume wangu alisema gumba la baba ndilo lililomsomesha.

Gumba hilo ndilo lililochomwa na mwiba wa kambale. Alikuwa anamtoa samaki kwenye mgono, ule mtego wa kuvulia, akateleza, mwiba ukazama kwenye shina la kidole. Alificha siku sita. Siku ya saba mume wangu alimpakia nyuma ya baiskeli, wakavuka kwa kivuko, mama mkwe akiwafuata nyuma kwa miguu na furushi la nguo. Niliutazama mkono, si uso. Ulikuwa umevimba mpaka kifundoni, ngozi inang'aa, vidole havikunjiki. Daktari wa upasuaji aliugusa mara moja tu. Alisema usaha umeingia kwenye nafasi za ndani, na usipofunguliwa leo gumba litakufa, na mkono unaweza kulifuata.

Mkuu wangu alikuwa amekwenda kwenye msiba Mahenge. Mtoa ganzi nilikuwa mimi peke yangu.

Nilitaka kumlaza usingizi, ili yaishe bila yeye kujua ni nani aliyekaa kichwani pake. Lakini presha yake ilikuwa imepanda vibaya na kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Dawa ya usingizi tuliyokuwa nayo ingeipandisha presha zaidi. Na yeye mwenyewe hakutaka. Alishasikia kwamba watu wakizinduka kutoka kwenye dawa ile huropoka, na wengine hutukana. Alimwambia mhudumu wetu wa kiume kwamba afadhali gumba lioze kuliko kuropoka mbele ya mke wa mwanawe. Ikabaki ganzi ya kwapani, nayo maana yake ni kwamba mimi, mkwe, nimkamate baba mkwe kwapa.

Mume wangu aliposikia alitoka nje akaanza kuzunguka ua. Mama mkwe alikaa chini. Daktari wa upasuaji, ambaye si mtu wa huku, alipoteza subira, akasema mficha uchi hazai, na kwamba yeye anaingia kunawa mikono. Methali ile, kwa mahali pale na watu wale, ilifanya mambo kuwa mabaya zaidi; mama mkwe alijifunika kichwa.

Aliyeleta suluhisho ni yule mhudumu, mtu mzima mwenye asili ya Ulanga kama wao, anayezijua taratibu zao. Alikwenda kunong'ona na mzee, akarudi. Mzee amekubali, alisema, ila afunikwe uso, na mkwe asiseme naye moja kwa moja. Mama mkwe akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, cha bluu chenye maua ya njano, akakitoa. Daktari alilalamikia kitenge kisichochemshwa, kisha akasema basi, kwa kuwa uso uko mbali na mkono.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilijiambia nafanya hivyo kwa heshima yake, lakini nami sikuweza kumtazama. Kitenge kile kilitufaa wote wawili, na hilo ndilo kosa langu. Walimu wangu watatu hawakukubaliana juu ya lolote isipokuwa jambo moja: usiache kuutazama uso wa mgonjwa. Nami niliufunika kwa kitenge, tena nikasifiwa.

Mhudumu alimnyoa kwapa. Nilisogea macho yakiwa kwenye sindano tu. Nikaweka vidole juu ya mapigo, na mapigo yakanipiga kwa nguvu, na wazo likaniingia kwamba huu ndio mshipa uliomlisha mume wangu, nikatamani kukimbia. Nikichoma mshipa wa damu kama nilivyofundishwa chuoni, kwa presha ile, si utavuja? Kimashine kilikuwa kabatini na betri yake iliyokufa. Nikachagua njia ya mkuu wangu. Kwa bahati nilikuwa na mfano ambao mzee asingeweza kuukosa. Nilimwambia mhudumu, ingawa mzee alikuwa kiganja kimoja kutoka kwangu, amwulize kama anaijua shoti ya dainamo, ukishika waya wa taa huku mtu anazungusha tairi. Mhudumu akainama kwenye kitenge, akainuka.

"Anasema anaijua sana."

Nikaingiza sindano. Nikasema aulizwe kama anaisikia. Akaulizwa. Bado. Nikairudisha kidogo, nikaielekeza juu zaidi, nikasema aulizwe. Bado. Jasho likaniingia machoni. Nikabadili mwelekeo mara ya tatu, aulizwe.

"Anasema ndiyo."

Hakuwa ameruka. Mkono haukutikisika hata unywele. Mkuu wangu alisema wanaruka wote. Nilisimama na bomba mkononi, walimu watatu wakinisemea kichwani kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumchoma baba mkwe wake. Nikajiambia huyu si mtu wa kuruka. Ningeweza kuuliza ni kidole gani kilichosikia. Sikuuliza. Nilimimina dawa yote.

Tulisubiri dakika ishirini. Nilimfinya kidole kidogo, akaulizwa, akasema hasikii. Nikagusa gumba kwa koleo, taratibu, kwa kuwa lilikuwa limevimba na niliogopa, akaulizwa, akasema hasikii. Daktari akachana. Usaha ulitoka mwingi, na harufu yake ilimfanya mhudumu ageuze kichwa. Nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono mwingine nahesabu mapigo, nayo yalikuwa yanakwenda mbio hata nikapoteza hesabu mara mbili. Kifua kilikuwa kimelowa jasho. Chini ya shuka vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja vikawa ngumi. Niliona yote hayo. Nikayaweka yote kwenye fungu la aibu: mzee wa watu, uchi mbele ya mkwe, moyo utaacha vipi kwenda mbio? Daktari aliuliza mara moja kama anaumia. Kitenge kikatikisika kushoto na kulia: hapana.

"Ganzi safi hii," daktari aliniambia wakati anafunga bandeji.

Mkono ulipona. Vidole vilikunjika tena, mzee akarudi kwenye baiskeli zake, na mimi nikawa mtu mwenye sifa pande zote mbili za mto. Lupiro walisema mkwe yule ametibu bila kuona. Mkuu wangu aliporudi kutoka msibani nilimsimulia, akatamba nayo: mnaona, mdomo wa mgonjwa. Nami nikaandika kwenye daftari langu kwamba wapo wagonjwa wanaosikia shoti bila kuruka, na kwamba tusiwadai kuruka. Nikamfundisha hivyo mwanafunzi aliyeletwa kwangu.

Kisha mambo yakaanza kutoelewana. Mkulima mmoja wa Uchindile alisema ndiyo bila kuruka, nikamimina, na kisu kilipogusa akapiga yowe lililosikika wodini. Nikalaumu dawa, kwamba imekaa juani. Mama mwingine akasema ndiyo, na ganzi ikashika nusu ya mkono tu. Nikalaumu sindano. Nililaumu mpaka hali ya hewa. Kila nilipokosea nilirudi kwenye daftari na kusoma habari za baba mkwe, ushahidi wangu mmoja usiotikisika, nikazidi kuchanganyikiwa. Kwa nini kwake ilikubali?

Mwaka uliofuata nilijifungua, nikampeleka mtoto Lupiro. Mama mkwe alinipa kitenge cha kumbebea. Kilikuwa kile cha bluu chenye maua ya njano. Nilipokikunjua nikaona kwenye pembe moja vitundu vidogo vilivyotiwa uzi, vimepangana kwa mistari miwili iliyopinda. Nikasema kwa utani kwamba panya wa Lupiro wana adabu, wanakula kwa mistari.

Mama mkwe aliacha kupepeta mchele.

"Panya gani, mwanangu? Hayo ni meno ya baba yako, siku ile ya gumba. Alisema hospitali ndivyo mnavyofanya, mgonjwa anapewa cha kuuma."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani najua, kwa kuwa nilikuwepo. Nilikaa na kile kitenge mapajani. Nilizipitisha kichwani ngumi za miguu, mapigo, jasho, kitenge kinachotikisika. Kwa hiyo alichanwa mkono ukiwa hauna ganzi. Au ganzi ilishika upande wa kidole kidogo tu na gumba likabaki hai? Na yule mhudumu aliyekuwa anainama pale kitengeni, aliona nini? Nilikasirika, kwanza na mzee, kwamba amenidanganya, kisha na mimi, kisha na kila mtu aliyenipongeza. Nikamwacha mtoto kwa bibi yake nikaenda barabarani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, gurudumu limegeuzwa mbele yake. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akaitikia marahaba akitazama gurudumu. Kisha nikafanya ambalo sikuwahi kulifanya. Niliinua macho nikamtazama usoni. Alikuwa na uso mwembamba, na nyusi zimekatwa na kovu la zamani ambalo sikuwahi kujua analo.

"Baba, siku ile uliisikia dainamo?"

Alitafuta mahali pa kuweka macho, mwisho akayaacha kwangu.

"Sikuisikia."

"Mbona ulisema ndiyo?"

"Ulikuwa umeshauliza mara tatu, mkwe. Mtu hamnyimi mwenzake mara tatu."

Akaongeza, kama mtu anayezungumzia kazi yake, kwamba wateja wake nao ndivyo walivyo. Ukimwuliza mteja kama baiskeli sasa iko sawa, atasema iko sawa, fundi, halafu utamwona anaenda nayo upande. Ndiyo maana yeye huwa haulizi. Huwa anazungusha na kugusa.

Aliposema hivyo akazungusha gurudumu, na hapo nikaona. Alikuwa ameweka gumba la kushoto kwenye ringi. La kulia lilikuwa limelala pajani, na kovu lake jeupe. Gurudumu lilipita, akalisimamisha, akajaribu spoku moja, akalizungusha tena, akalisimamisha tena. Zamani ilimtosha mara moja.

Nilimwuliza kwa nini anatumia mkono huo. Akasema basi tu, amezoea. Nikamwambia sipo hapa kama mkwe, nipo kama mtu aliyemchoma sindano. Hilo aliliwaza. Kisha akaninyooshea mkono wa kulia, akageuza kiganja juu, mwenyewe, barabarani, mbele za watu.

"Pima," akasema.

Nikalishika gumba lake kati ya vidole vyangu, nikabonyeza upande wa ndani, karibu na kovu. Nikauliza anasikia. Akasema hasikii. Nikabonyeza ncha. Hasikii. Ni sindano yangu iliyouchokoa mshipa, kama yule mgeni alivyotuonya? Ni kisu? Ni usaha wa siku sita alizoficha? Sikujua, na hakukuwa na mwalimu wa kumwuliza.

"Ganzi yako ilikuwa nzuri," akasema mzee. "Ilichelewa kufika tu."

Nikabonyeza tena, sasa kwa ukucha, kwa nguvu zangu zote, macho yangu yakiwa usoni mwake. Hakupepesa hata ukope. Nami nilibaki nimelishika lile gumba, nisijue kama niuamini uso ule, kwa sababu niliwahi kumwona mzee huyu akichanwa kwa kisu na kutikisa kichwa kwamba haumii.